HABARI ZA SHULE: Sufuria ya Makande na Dhana Zetu

 Mwezi huu twawaletea habari za shule moja ya msingi ya kijijini, iliyo kando ya njia itokayo Makambako kwenda Njombe. Jina lake hatulitaji, kwani aibu iliyomo katika habari hii ni yetu sisi, wala si yake.

Shule ilipofunguliwa mwezi wa Julai baridi ilikuwa kali, kama ilivyo ada ya nchi hii ya juu, na watoto walikuja asubuhi wamejikunyata ndani ya masweta yao. Hata hivyo kazi haikulala. Darasa la saba walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa Septemba, wadogo zao wakimwagilia bustani ya mboga, na miche ya parachichi nyuma ya madarasa ilikuwa imefunikwa kwa nyasi isiunguzwe na baridi. Wazazi nao walikuwa wamekwisha kuvuna, wakaleta mahindi na maharage ya chakula cha mchana, kila nyumba kwa kadiri mkutano wao ulivyokubaliana.

Jambo hili la chakula lahitaji maelezo. Serikali imekwisha kuondoa ada katika shule za msingi za umma, lakini chungu cha mchana chategemea wazazi. Na kwetu Njombe si jambo dogo. Mkoa huu, uliokatwa kutoka Iringa mwaka 2012, ni ghala la mahindi, viazi na maharage. Lakini uchunguzi wa afya wa Taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa Njombe walio chini ya miaka 5, wapatao 50 wamedumaa, ambapo kwa nchi nzima ni 30. Wajuzi wasema kuwa miongoni mwa sababu ni mtoto kulishwa chakula cha namna moja, tena mara chache, wazee wakiwa mashambani. Basi mtoto aliyeingia shuleni na upungufu huo, tukimwongezea na njaa ya mchana, tumemdhulumu mara mbili.

Sasa twaingia katika kisa chenyewe. Chuo chetu cha Qur'ani husomesha alasiri, watoto watokapo shule. Kijana mmoja wa darasa la nne alikuwa akisinzia juu ya juzuu yake kila siku. Tulimkaripia, na siku nyingine tulimsimamisha. Mwishowe mwenzake akasema, "Maalim, huyu hali shuleni. Baba yake kamkataza."

Tulipopeleleza tuliona kuwa si yeye peke yake. Watoto wa nyumba kadhaa za Kiislamu walikuwa wakikaa chini ya miti wenzao wakila, kwa sababu ilivuma kuwa sufuria ya shule hupikiwa nguruwe siku za sherehe. Na uvumi huo sisi tulikuwa tumeusikia tangu Machi, tukanyamaza, tukidhani kuwa kunyamaza ndio uchaji. Hilo ni kosa letu, nasi twalikiri mbele yenu.

Siku ya pili tulikwenda pamoja na wazazi wawili. Mwalimu mkuu alitupokea kwa heshima, akatupeleka jikoni. Mpishi ni mama mtu mzima wa Kibena, tena Mkristo. Tukamwamkia, "Kamwene, mama," naye akaitika vivyo hivyo. Kisha tukamwuliza bila kuficha. Akaweka mwiko chini, akasema, "Shehe, humu hupikwa makande na uji tu. Hata nyama ya ng'ombe haijapata kuingia; fedha yake itoke wapi? Siku ya mahafali wenye sherehe huja na vyombo vyao. Mbona hamkuja kuniuliza siku zote hizi?"

Hatukuwa na jibu. Akaongeza kuwa mara nyingine humpelekea bakuli mdogo wao kuliko wote, akimwonea huruma, na bakuli hurudi limejaa, kwa kuwa mtoto amtii baba yake. Mwalimu mkuu naye alitufunulia daftari la michango, wala hakusema neno. Mbele ya majina yetu palikuwa patupu.

Ndugu zetu, wanavyuoni wa fiqhi wametufunza kuwa yakini haiondolewi na shaka, na kwamba asili ya mahindi na maharage ni halali mpaka ithibiti kinyume chake. Suratul-Hujurat nayo yatuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuitendea, na yatuonya na wingi wa dhana. Kujihadhari na haramu ni wajibu. Lakini mwenye kujihadhari huuliza. Asiyeuliza, akamwacha mtoto na njaa, hajihadhari bali ajipumzisha. Wala mtu asihudhurie mkutano wa shule, kisha alalamike kuwa mambo hupitishwa bila yeye.

Ijumaa ile, baada ya sala, tulisimama msikitini tukaeleza tuliyoyaona. Jumatatu magunia mawili ya mahindi na debe la maharage yalifika shuleni, na mama mmoja wa kwetu sasa husaidia jikoni kwa zamu. Mzazi mmoja bado hajaridhika. Hatukumlaumu, tumemwambia aende akaone kwa macho yake, nasi tutafuatana naye. Tena tumejifunga kukiendea kile kipindi cha dini kilichomo katika ratiba, ambacho watoto wetu walikipitisha wakicheza uwanjani kwa kukosa mwalimu kutoka kwetu.

Yule kijana juzi alisoma Suratul-Maun mpaka mwisho bila kusinzia. Sura hiyo yamlaumu asiyehimiza kulishwa maskini. Yeye aliisoma kwa sauti, nasi tuliosikiliza tuliinamisha vichwa.