Mlima, moyo na kazi

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani,

Kule kazini tunasikia mara nyingi neno hili: «Mgeni huyu ni mvivu. Amebeba viloba viwili tu, na tayari anahema.» Sisi tunasema neno hilo ni baya, na linaweza kuua mtu. Sikiliza sababu.

Mji wa Goma uko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Vilima vya Masisi vinapita mita 2,000, na kilele cha Nyiragongo kinafika mita 3,470. Kila mahali, katika sehemu 100 za hewa, 21 ni oksijeni. Lakini ukipanda, hewa inapungua uzito. Juu ya Nyiragongo, kila pumzi inaleta karibu theluthi mbili tu ya oksijeni anayoipata mtu wa pwani. Nani atalipa upungufu huo? Mapafu yanahema upesi, na moyo unapiga mbio ili kuzungusha damu. Kiloba ni kile kile, mwendo ni ule ule, lakini moyo unafanya kazi zaidi.

Majuma yakipita, mwili unatengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu. Hizo ndizo zinazobeba oksijeni, na hapo moyo unapata nafuu. Basi ndugu aliyetoka Kisangani, nchi ya chini, si mvivu. Wabebaji katika damu yake bado ni wachache.

Kumbuka michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 mjini Mexico, kwenye mita 2,240. Kipchoge Keino wa Kenya, mtoto wa nchi ya milima, alishinda mbio za mita 1,500. Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa amevunja rekodi nyingi za dunia, alianguka mwisho wa mita 10,000, akapewa oksijeni. Je, Clarke naye alikuwa mvivu?

Utasema: «Tunalipwa kwa kilo. Mgeni akipumzika, atakula nini?» Swali lako ni la haki. Jibu letu ni hili: juma la kwanza kikosi kimpe kazi nyepesi, kama kuosha mawe au kutengeneza njia, na apate fungu lake. Kapita asimhesabie viloba. Fungu la juma moja ni dogo kuliko gharama ya matanga.

Na wewe mzoefu, jichunge:

Hesabu mapigo ya mshipa wa mkono kwa sekunde 15, kisha zidisha mara 4. Ukiwa umepumzika vizuri na bado yanapita 100, usibebe tena siku hiyo, mwone munganga. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu kikali, au kuhema hata umekaa, usingoje kesho.

Kunywa maji mara kwa mara. Acha sigara, kwa maana moshi wake unakalia nafasi ya oksijeni katika damu.

Lakini angalia: si kila kuhema ni kwa mlima. Sisi wa Goma tunaijua mazuku, hewa nzito ya kaboni inayolala mabondeni na mashimoni. Hiyo pia inafanya moyo kwenda mbio. Ukihema ghafula ndani ya shimo, toka mara moja. Mwenzako akianguka humo, usimfuate bila kifaa cha kupumulia. Ita msaada, maana wengi wamekufa wakifuatana.

Mama, malaria na minyoo vinapunguza damu, na mwenye damu kidogo moyo wake unachoka upesi. Mpe mumeo maharagwe na sombe, alale ndani ya chandarua. Akirudi uso umefifia, mpeleke kwa munganga kabla hajapanda tena.

Kiloba kilichobaki leo kitabebwa kesho. Moyo ni mmoja tu.