Dawati Lipimwe kwa Mtoto, Si Mtoto kwa Dawati

Tangu mwaka 1997, nchi za Afrika Mashariki zimetimiza jambo ambalo siku za kupata uhuru lilikuwa tumaini tu: zimewafungulia watoto wote milango ya shule za msingi. Hapa kwetu Uganda, mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipoanza mwaka huo, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka kama milioni 3 mwaka 1996 hadi zaidi ya milioni 5. Tanzania iliondoa ada ya shule za msingi mwaka 2001, na Kenya ikafanya hivyo mwezi Januari 2003. Na kila mahali tatizo lilikuwa lile lile: watoto walifika wengi kuliko viti vilivyowangoja. Wengi waliketi sakafuni, wakaandikia juu ya mapaja yao.

Serikali hazikukaa kimya. Mwaka 2016, baada ya Tanzania kutangaza elimu bila malipo hadi kidato cha nne, hayati Rais John Magufuli aliwaagiza viongozi wa mikoa na wilaya kuhakikisha kuwa ifikapo tarehe 30 Juni hakuna mwanafunzi anayeketi chini. Bunge la nchi hiyo lilibana matumizi yake likatoa shilingi bilioni 6 kwa ajili ya madawati, na kazi ya kuyatengeneza wakapewa Jeshi la Kujenga Taifa na Jeshi la Magereza. Kenya nayo, mwaka 2020, ilitenga shilingi bilioni 1.9 za nchi hiyo ili mafundi wa mahali watengeneze madawati ya shule, na kwa njia hiyo wananchi waliopoteza riziki wakati wa ugonjwa wa korona wakapata kazi.

Hatua hizo ni za kusifiwa, na sisi twazisifu. Mtoto aliyeinuliwa kutoka sakafuni amepewa heshima yake. Hata hivyo, hapana budi tuulize swali linalofuata, ambalo kwa kawaida hufunikwa na shangwe za kukabidhi madawati: je, dawati lenyewe lamfaa nani?

Hesabu peke yake haitoshi

Ndugu askari, wewe unalijua jambo hili kuliko raia wengi. Mtunza ghala hawezi kuandika katika daftari lake kwamba kikosi kimepata viatu jozi mia, kisha akatulia, ikiwa jozi zote ni za namba moja. Askari wa mguu mdogo atateleza ndani ya kiatu, na wa mguu mkubwa atachubuka kabla ya maili ya tatu. Hesabu itakuwa imetimia, lakini kikosi hakitafika.

Ndivyo yalivyo madawati mengi ya shule zetu. Fundi hupewa kipimo kimoja, na kwa kipimo hicho hutengeneza benchi na meza vilivyoshikamana, vya kukaliwa na watoto watatu. Dawati hilo hilo hupelekwa darasa la kwanza na darasa la saba. Mtoto wa miaka sita huketi miguu ikining'inia. Ukingo wa benchi humbana nyuma ya magoti, damu isipite vyema, na miguu ikafa ganzi. Meza humfikia kifuani, naye hulazimika kuinua mabega ili aandike. Kijana wa miaka kumi na mitano hupata taabu ya kinyume chake: magoti hugonga ubao wa meza, na mgongo hupinda kama upinde kwa saa sita. Na yule wa katikati, akitaka kwenda ubaoni, huwaruka wenzake.

Kisha huja dhuluma ambayo haionekani upesi. Mtoto anayeumwa mgongo hageuki kumwambia mwalimu kuwa anaumwa mgongo. Yeye hujipindapinda, husimama, humsukuma jirani yake. Mwalimu mwenye watoto themanini mbele yake humwita mtundu na kumwadhibu. Mtoto ameadhibiwa kwa kosa la mbao.

Wala tusidhani kuwa hili ni tatizo la nchi maskini tu. Mwaka 1999 watafiti wa jimbo la Michigan, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwapima wanafunzi 74 pamoja na viti na meza walivyotumia. Hata mmoja kati ya watano hakufikiwa: wanafunzi waliopata kiti na meza vinavyolingana na miili yao walikuwa pungufu ya hapo. Kwa hiyo utajiri peke yake hauponyi. Kinachoponya ni kupima.

Kipimo ni kipi?

Kanuni yenyewe si ngumu. Mtoto aketipo, nyayo zake zote zikanyage sakafu, na magoti yakunjike sawasawa. Kwa hiyo urefu wa kiti hutokana na urefu wa mguu kutoka unyayo hadi nyuma ya goti. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Meza nayo ifikie kiwiko, mkono ukiwa umelegea ubavuni, au ipite kidogo tu. Na kuwe na mahali pa kuegemeza mgongo.

Nchi za Ulaya zimeiweka kanuni hii katika vipimo viitwavyo EN 1729. Kwa mtoto mwenye kimo cha sentimita 119 hadi 142, kiti huwa na urefu wa sentimita 35 na meza 59. Kwa mwenye kimo cha kati ya sentimita 146 na 176, kiti huwa 43 na meza 71. Tazameni tofauti hiyo: sentimita 8 kwa kiti na 12 kwa meza. Hatusemi tuvichukue vipimo hivyo kama vilivyo, maana vilitokana na watoto wa huko. Tunachosema ni kwamba tuwapime watoto wetu wenyewe.

Wala darasa lisiwe ndilo kipimo. Elimu ya bure imewarudisha shuleni watoto waliochelewa, na chumba kimoja huwa na miili ya kila umri. Nchini Kenya, mwaka 2004, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza mjini Eldoret akiwa na miaka 84. Yeye ni mfano wa pekee, lakini latufundisha jambo tukio lake: dawati hupangwa kwa kimo cha anayeliketia, si kwa jina la darasa.

La kufanya

Twaona mambo matatu yawezekana bila kungoja fedha za kigeni. Kwanza, kila agizo la madawati litaje vipimo vitatu, vidogo, vya kati na vikubwa, na idadi ya kila kimoja ipatikane kwa kuwapima wanafunzi kwa utepe wa fundi. Miguu ya dawati dogo hula mbao chache zaidi, hivyo gharama haiongezeki. Karakana za magereza, kama ile ya Luzira, na mafundi wa majeshi wanaweza kuonyesha njia.

Pili, madawati yaliyopo yasitupwe. Ubao ukipigiliwa chini ya dawati refu huwa mahali pa kukanyagia wadogo, na madawati yakihamishwa kati ya madarasa taabu nyingi huondoka. Nafasi iachwe pia kwa mtoto wa kiti cha magurudumu.

Tatu, watoto wasimame na kujinyoosha kati ya somo na somo. Hata dawati bora halimfai mtu anayekaa juu yake bila kutikisika. Mlinzi yeyote wa zamu anaujua ukweli huo.

Askari na polisi wengi ni wazazi, na watoto wao husoma katika shule za kambini na za jirani. Kamati ya shule ikikutana, na waulize si tu madawati ni mangapi, bali ni ya kimo gani. Tukilijibu swali hilo vyema, mtoto atasahau kuwa anaketi, na akili yake yote itakuwa ubaoni.