Msimu wa kuwinda ni lini?

Mpwa wangu wa kidato cha pili alifika nyumbani Jumapili moja akiwa na jarida kuukuu la Marekani, lile la karatasi zinazong'aa. Ndani yake mlikuwa na makala ndefu kuhusu maandalizi ya msimu wa kuwinda. Kulikuwa na picha za wanaume waliovaa vizibao vya rangi ya machungwa, bunduki zilizopigwa mafuta, na mbwa wanaotweta kando ya gari. Lakini kilichomshangaza kijana si bunduki. Ni mstari mmoja uliosema kwamba ada za leseni za wawindaji hao hulipia sehemu kubwa ya kazi ya kuhifadhi wanyama.

"Mjomba," akaniuliza, "kumbe mtu anaweza kumuua mnyama na bado akawa anamhifadhi? Na hapa kwetu msimu huu huanza lini?"

Swali la pili ndilo jepesi, kwa hiyo nilianza nalo. Hapa kwetu hauanzi. Zamani ulikuwapo. Mgeni mwenye fedha alilipia leseni, akapewa kitalu chake, akaambiwa aina na idadi ya wanyama anaoruhusiwa kupiga, kisha akaingia porini na wapishi, wabeba mizigo na mwindaji wa kulipwa wa kumwongoza. Mei 1977, enzi za Mzee Jomo Kenyatta, serikali ikapiga marufuku uwindaji huo. Mwaka uliofuata ikafunga na maduka ya pembe, ngozi na nyara nyinginezo. Jirani zetu Tanzania nao walikuwa wamefunga mwaka 1973, lakini wakafungua tena 1978, na mpaka leo msimu wao huanza Julai mosi. Sisi hatujafungua. Mwishoni mwa 2004 Bunge lilipitisha mswada ambao wengi waliona ungerudisha bunduki porini, Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi.

Swali la kwanza, msomaji, ni gumu. Ili nimjibu ilinibidi nimpeleke Lamu, kwa maneno tu, kwa maana nauli ya kwenda kwenyewe si ya mchezo.

Watu wengi wa mjini wakisikia Lamu huwaza punda, milango ya nakshi na majahazi. Husahau kwamba kaunti hiyo ina bara pia. Ukivuka kwa mashua hadi Mokowe, ukapita Hindi na kushika njia ya Kiunga kuelekea mpaka wa Somalia, unaingia msitu mkubwa sana. Hapo ndipo ilipo hifadhi ya Dodori, na jirani yake, upande wa Garissa, ndiyo hifadhi ya Boni. Zote mbili zilitangazwa mwaka 1976. Mna nyati, nyamera na mbwa mwitu, na mwaka 2010 kamera zilizotegwa msituni zilinasa picha za sange mkubwa ambaye wataalamu walishuku kuwa ni aina isiyojulikana bado. Mnyama mzima mwenye pua kama mkonga mdogo, ametulia zake huko miaka yote bila kuandikwa kitabuni!

Wenyewe wa msitu huo walimjua, nadhani. Hao ni Waaweer, ambao majirani huwaita Waboni. Ni watu wa upinde na mishale ya sumu ya mti, wa mizizi na matunda ya mwitu, na zaidi ya yote ni watu wa asali. Mwaweer hupiga mluzi, ndege aitwaye mlembe humwitikia na kumtangulia mti kwa mti hadi kwenye mzinga. Nyuki wakishatimuliwa kwa moshi, ndege naye huachiwa fungu lake.

Katika miaka ya 1960, wakati wa vita vya shifta, serikali iliwatoa ndani ya msitu ikawapanga kando ya barabara, katika vijiji kama Bargoni, Basuba, Mangai na Mararani. Kisha ikaja 1976 na hifadhi zake, halafu 1977 na marufuku yake. Tajiri wa kigeni alifunga virago akaenda kuwinda nchi nyingine. Mwaweer angekwenda wapi? Alilala akiwa mwindaji akaamka akiwa jangili, na kitoweo kilekile alichofundishwa na babake kikawa ushahidi wa mahakamani. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikumfungulia mlango. Inataja waziwazi kwamba hata kuwinda kwa ajili ya kula ni kosa. Na tangu Septemba 2015, operesheni ya usalama dhidi ya magaidi ilipoanza katika msitu wa Boni, hata kuufuata mzinga wa nyuki kumekuwa jambo la kufikiriwa mara mbili.

Hapo mpwa wangu akadakia kwamba afadhali basi, angalau wanyama walipona.

Laiti wangepona. Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha hesabu za wanyama waliohesabiwa kwa ndege katika kaunti 21 za malisho nchini. Kati ya 1977, mwaka uleule wa marufuku, na 2016, wanyamapori walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Soma tena: theluthi mbili na ushei, wakati hakuna msimu wa kuwinda hata wa siku moja. Silaumu marufuku kwa hilo. Mbuzi na kondoo waliongezeka, nyua zikajengwa, mashamba yakapanuka, ukame ukabana, na majangili hawakuwahi kuomba leseni. Hata hirola, swala wa pande hizo za Garissa na Lamu ambaye asili yake ni mpakani mwetu na Somalia, leo hawafiki 500, ingawa tangu 2012 wenyeji wa Ishaqbini wamewazungushia baadhi yao ua wa kuwakinga na simba na fisi. Ninachosema ni kwamba kufunga msitu kwa amri ya Nairobi, huku aliyeujua kila mti akisukumwa barabarani, kulitupunguzia walinzi bila kutuongezea wanyama. Watakaonipinga wapo, na wana hoja zao. Wanasema ukifungua mlango kwa mwenye upinde, mwenye bunduki atapita hapohapo. Sina jibu rahisi kwao.

Lakini Lamu kuna msimu mwingine wa kuwinda ambao serikali haikuufuta. Uko baharini, na wawindaji wake wengi ni kina mama.

Kabla sijafika kwa kina mama, nidokeze jambo moja kuhusu Wabajuni, mabaharia wa visiwa hivyo. Zamani walikuwa wakiwinda kasa kwa kutumia samaki. Huyo samaki ni chazo, ambaye ana kitu kama kibao kichwani cha kujigandishia kwenye miili ya viumbe wakubwa. Mvuvi alimfunga kamba mkiani, akimwona kasa humtupa majini, chazo akaenda kunata kwenye gamba, na kamba ikavutwa taratibu. Siku hizi kasa ni marufuku, na hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa 1979, ni mojawapo ya pwani anazotagia. Sikitiko langu ni kwamba vijana wa leo hawaijui hata hadithi ya chazo.

Basi turudi kwa kina mama. Katika kisiwa cha Pate, na pande za Kiunga pia, maji yakipwa sana wakati wa bamvua miamba huachwa wazi na wanawake hushuka kuwinda pweza. Silaha ni kijiti au chuma chembamba chenye ncha. Viatu ni vya plastiki vilivyochoka, maana mwamba haumhurumii mtu na nyenje za baharini zina miiba. Pweza hujificha shimoni, lakini ni mchafu wa mlangoni: hutupa nje maganda ya kaa na kome aliokula. Mama mwenye jicho huyaona maganda, hutia chuma, humtoa na kumtunga kambani. Baada ya saa mbili tatu maji hujaa na kazi imekwisha. Fedha yake ni ya unga, sukari na madaftari ya watoto.

Tabu ilikuja pale wawindaji walipozidi na pweza wakazidi kuwa wadogo. Na pweza, msomaji, ana maisha ya ajabu. Huishi mwaka mmoja au mmoja na nusu tu. Jike hutaga mara moja maishani, hukaa juu ya mayai yake bila kula hadi yaanguliwe, halafu hufa. Ukimtoa kabla ya hapo, umebeba na kizazi kizima. Lakini anapokuwa mchanga hukua mbio, huweza kuongeza uzito maradufu kwa muda wa mwezi hivi. Ukimwacha kidogo tu, anakulipa. Wavuvi wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walilijaribu hilo mwaka 2004 kwa kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa, na habari ikaenea katika Bahari ya Hindi yote, hadi Pemba na Unguja, na hadi Pate.

Huko Pate wenye mwamba hukubaliana wenyewe kipande gani kifungwe na kwa muda gani, huweka alama, na huchagua wa kulinda. Kanuni za mwaka 2007 kuhusu vikundi vya kusimamia fuo, BMU, ziliwapa uwezo huo kisheria. Maeneo mengine ya mwamba hubaki wazi ili jiko lisizime.

Hapa ndipo maandalizi ya msimu yalipo, na hayafanani kabisa na yale ya jaridani. Hakuna bunduki ya kupiga mafuta. Maandalizi ni kupita kando ya mwamba wenye pweza uwajuao mashimo yao, mfuko wa unga ukiwa chini nyumbani, nawe usishuke. Ni kumkabili kijana wa kijiji cha pili aliyeiba usiku kwa tochi, na pengine ni mtoto wa dada yako. Ni kuvumilia mnunuzi anayekuuliza kwa nini umempunguzia mzigo. Siku ya kufungua ikifika, kijiji kizima huwa ufuoni kabla maji hayajamaliza kupwa.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza hiyo siku ya kufungua huwa tarehe ngapi, alipange jambo hilo katika likizo. Nikamwambia huko hawaanzi na tarehe, huanza na bamvua, na bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Akaisukuma kando jarida yake, akaenda kuitungua kalenda ya ukutani.