Chupa Inayopendeza Kwa Kamera Ndiyo Itakukata

Wasee, leo nakiri. Ile video yangu ya bia ya kupika keja, ile yenye chupa nyeupe sita zimepangwa dirishani na jua linapita ndani kama dhahabu, haikuonyesha kila kitu. Bia ilikuwa ya ukweli, niliipika mwenyewe. Lakini chupa mbili kati ya zile sita hazikumaliza wiki mbili, na moja ilimpata binamu yangu mguuni.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimekusanya chupa za vodka kutoka kwa marafiki, zile za mraba zenye kifuniko cha kuzungusha. Zilikuwa na luku kali sana. Bia ilikuwa imechacha siku tano tu kwenye ndoo na bado ilikuwa inatoa mapovu kidogo, lakini mimi nilitaka posti itoke Ijumaa. Nikajaza, nikatia kila chupa kijiko cha sukari kilichojaa mpaka kikamwagika, nikakaza vifuniko kwa nguvu zangu zote. Nikapiga video. Likes zikaingia. Nikazipanga chupa chini ya meza, nikasahau.

Jumatano ya wiki iliyofuata, saa nane usiku, nikasikia mlio nikadhani ni mtungi wa gesi wa jirani. Kumbe ni chini ya meza yangu. Binamu alikuwa amekuja Nairobi kutafuta kazi, na kwa vile naishi bedsita, alikuwa amelala kwa godoro pale chini. Kipande kilimkata nyuma ya mguu, akashonwa nyuzi sita. Tukiwa kwa foleni hospitalini akaniambia, "Bro, hii pombe yako inalewesha mtu kabla hajainywa." Tukacheka. Asubuhi nilipokuwa nafagia nikapata kipande kingine kimedungwa kwa mto wake, pale pale kichwa chake kilikuwa. Hicho sijawahi kumwonyesha.

Tangu siku hiyo naona kitu kinanikera. Kila mtu anayenitumia ujumbe anauliza resipe. Kimera cha shayiri unatoa wapi, hopsi ni bei gani, ukitumia wimbi inatoka aje. Hakuna hata mmoja ameniuliza kuhusu chupa. Na mimi nasema hivi: resipe mbaya itakupa bia mbaya, unamwaga, maisha yanaendelea. Chupa mbaya itampata mtu ambaye hata hakuonja.

(Kama hujafika miaka 18, bia si yako, ngoja. Lakini usiondoke, kwa sababu najua wengi wenu mnatengeneza ile tangawizi ya hamira nyumbani, na presha haijui kama ndani ya chupa ni bia ama ni tangawizi.)

Wacha nieleze kinachotokea mle ndani, kwa sababu mimi nilifanya bila kuelewa. Hamira ni kiumbe hai. Inakula sukari, inatoa pombe na gesi ya kaboni. Kwenye ndoo yenye tundu gesi inatoka, hakuna shida. Ukifunga chupa, gesi inakosa njia, inalazimika kuingia ndani ya bia yenyewe. Hiyo ndiyo inaleta povu, na ndiyo maana tunaongeza sukari kidogo wakati wa kujaza. Kidogo! Bia ya kawaida inataka kama gramu 6 hadi 7 za sukari kwa lita moja, na iwe imemaliza kuchacha kabisa. Kwa chupa ya nusu lita hiyo haifiki hata kijiko kimoja cha chai. Ukifanya vizuri kabisa, bila kosa lolote, bado presha ndani ya chupa iliyokaa kwa joto la chumba inakaribia ile ya tairi la gari ndogo. Sasa piga hesabu yangu: sukari zaidi, na bia ambayo bado ilikuwa na sukari yake haijaliwa. Na chumba kikipata joto, presha inapanda zaidi. Msee wa Mombasa ana shida kuliko msee wa Limuru.

Halafu chupa ya vodka haikutengenezwa kushika presha hata kidogo. Vodka haina gesi. Kiwanda kiliweka kioo cha kutosha kubeba kinywaji kilichotulia, basi. Na umbo la mraba linaongeza matatizo: chupa ya duara inagawa msukumo sawa pande zote, ya mraba ina kuta bapa zinazosukumwa nje na pembe zinazobeba mzigo wote. Mzinga wa whisky, chupa ya divai ya kawaida, jagi la juisi lenye kifuniko kizuri, zote ni familia moja. Zinapendeza, lakini hazina nguvu.

Kitu kimoja kilinifungua macho ni kufikiria wazee walikuwa wanafanya nini. Busaa ya kule Magharibi haikufungwa. Ilikaa kwa chungu, wazee wakazunguka na mirija mirefu, ikanyweka ikiwa bado inachacha. Muratina nayo ilikaa kwa kibuyu, ikinywewa ikiwa mbichi. Hakuna mtu alikaza kifuniko. Sisi ndio tunachukua kinywaji kilicho hai, tunakifungia kwa kioo, halafu tunalala karibu nacho. Kufunga bia kwa chupa ni kazi ya kiwanda, na kiwanda kina chupa yake. Kile kifuniko cha bati chenye meno kina hati miliki ya mwaka 1892, cha Mmarekani aliyeitwa William Painter, na kilibuniwa kwa sababu hiyohiyo, kuzuia gesi isitoroke. Watu wameumiza kichwa juu ya hii kitu zaidi ya miaka 130, na mimi nikadhani naweza kuiruka kwa sababu ya video.

Sasa maoni yangu, na najua wapishi wenye vifaa vya bei watanicheka. Kama ndio unaanza, tumia chupa ya plastiki ya soda. Ndiyo, ile mbaya. Ile ambayo hakuna filta itaiokoa. Ilitengenezwa kushika gesi, na inashika presha kubwa sana kabla ya kushindwa. Ikishindwa, inavimba, inapasuka ama inavuja, lakini haitupi vioo. Tena inaongea na wewe: unaifinya kila siku, siku ikiwa ngumu kama soda mpya kutoka dukani, unajua gesi imetosha, unaipeleka kwa friji ili hamira ipunguze kasi. Chupa ya kioo haikuambii kitu mpaka saa nane usiku.

Ila nisikuchanganye: nasema chupa ya soda, si ya maji. Ile ya maji ni nyembamba, ukiishika inalia krachi krachi, haikuwahi kuona gesi. Na plastiki ina ubaya wake. Hewa inapenya polepole, kwa hivyo bia usiiweke miezi, inywe ndani ya wiki chache. Usiisugue ndani kwa waya, ile mikwaruzo inakuwa nyumba ya vijidudu. Ikianza kubaki na harufu, itupe.

Ukishazoea, hamia chupa ya bia ya kahawia, ile ya nusu lita inayorudishwa kiwandani. Hii chupa tunaidharau kwa sababu iko kila mahali, lakini ni kifaa cha maana. Ni nzito, ni ya duara, imejengwa kuoshwa, kujazwa na kufungwa tena mara nyingi. Na hiyo rangi si urembo. Mwanga ukipiga bia yenye hopsi, unavunja kitu fulani kwenye ule uchungu wake na kuzaa harufu kama ya kicheche aliyekasirika. Kahawia inazuia sehemu kubwa ya huo mwanga, kijani inazuia kidogo tu, nyeupe haizuii karibu chochote. Kwa hivyo zile chupa zangu za dirishani, hata zisingelipuka, bia ingenuka. Nilikuwa naiharibu huku naipiga picha.

Lakini si kila chupa ya kahawia ni nzima. Iangalie kwa mwanga wa dirisha. Zile duara nyeupe za mikwaruzo mabegani na karibu na kitako ni alama za kugongana na wenzake kwenye mashine. Zikiwa nzito sana, hiyo chupa imezeeka, iache. Pitisha kitambaa mdomoni, si kidole: kikishika mahali, kuna ufa ama pengo, na hapo kifuniko hakitakaa. Utahitaji ile mashine ndogo ya mkono ya kubana vifuniko, pamoja na vifuniko vipya. Kile ulichofungua kwa opena kimeshapinda, usijidanganye unaweza kukigonga kwa nyundo kirudi. Nimejaribu.

Kuna jambo lingine kuhusu hizi chupa ambalo watu hawapendi kusikia. Ukinunua bia ukaacha doo ya chupa, hiyo pesa ni ya kukufanya uirudishe. Ukijaza kabati lako chupa 60, umeziondoa kwenye mzunguko unaofanya kazi vizuri kuliko kampeni nyingi za mazingira ninazoalikwa kupiga nazo picha. Sisemi usichukue. Mimi ninazo 24, nazitumia tena na tena, na siku nikiacha hii kazi zitarudi kwa kreti. Ila usinunue chupa mpya za kuja na meli huku chupa bora zaidi iko baa ya mtaa wako.

Sasa twende kwa ile sehemu inaniogopesha kuliko mlipuko. Hiyo chupa imetoka wapi?

Kwetu nyumbani, nikiwa mdogo, mafuta ya taa yalikaa kwa chupa ya soda jikoni, karibu na ile ya maji. Nina hakika nyumba nyingi za wale wanaosoma hii zilikuwa hivyo, na kila mtaa una hadithi ya mtoto aliyekunywa akidhani ni soda. Chupa hizohizo hubeba Jik, dawa ya kunguni, tindikali ya betri, tina ya rangi. Halafu zinatupwa, zinaokotwa, zinaoshwa kwa maji ya mfereji, zinauzwa kwa gunia. Plastiki inanyonya. Hata usugue namna gani, mafuta ya taa hayatoki yote. Kwa hivyo mimi sheria yangu ni moja: chupa ambayo sikuiona ikifunguliwa, sinunui. Hata kama ni shilingi tano. Hata kama haina harufu.

Na upande wa pili, toa lebo. Loweka kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi usiku mmoja, itatoka yenyewe. Kisha osha kwa brashi, tia dawa ya kuua vijidudu, suuza mpaka harufu iishe. (Ukitumia Jik, kamwe usiichanganye na siki, inatoa gesi ya klorini, na bedsita haina pa kukimbilia.) Kwa nini lebo? Kwa sababu lebo ni ahadi, na hiyo ahadi ni ya mtu mwingine. Bia ya nafaka ukiipika kwa usafi haikuletei methanoli ya kukuua. Hiyo sumu inaingia pale mtu anapoongeza kemikali ili ipige haraka. Februari 2024 kule Kirinyaga watu zaidi ya kumi walikufa kwa pombe yenye sumu, na si mara ya kwanza nchi hii kuzika watu hivyo. Kuna biashara nzima ya kukusanya chupa tupu za pombe ya bei na kuzijaza takataka. Kwa hivyo mzinga wa whisky ukiisha kwa pati yako, chora lebo kwa kisu kabla ya kuutupa. Na bia yako mwenyewe iwe kwa chupa tupu isiyo na jina la kampuni, na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: ni nini, ilijazwa lini. Marafiki wako wana haki ya kujua wanakunywa kitu cha nani.

Kuuza nayo ni habari nyingine, inahitaji leseni. Ile sheria ya 2010 tunayoita ya Mututho ilizuia hata pombe kwa vipakiti, kwa hivyo usidhani serikali haiangalii kifungashio.

Najua hii posti haitafika mbali kama ile video. Chupa ya soda iliyofinywa haina luku, na ndoo yenye kifuniko ina luku mbaya zaidi. Lakini hivyo ndivyo ninavyofanya siku hizi. Chupa kumi na mbili za kahawia ziko ndani ya kreti, kreti iko ndani ya boksi nene, juu nimetandika blanketi la zamani. Kando yake kuna chupa moja ya plastiki ya soda, niliijaza kutoka ndoo ileile, siku ileile. Kila asubuhi naifinya. Leo bado ni laini kidogo. Binamu ameniuliza mara mbili itakuwa tayari lini, lakini godoro alihamisha, sasa analala upande wa mlango.