Shahada ya elimu masafa: Je, inafungua mlango wa uzamili na ajira?

Kenya ilikipa hati Chuo Kikuu Huria chake mwaka 2023, zaidi ya miaka 30 baada ya Tanzania kuanzisha chake kwa sheria ya mwaka 1992. Hata hivyo, baadhi ya waajiri bado huwatilia shaka wahitimu wa elimu masafa.

Swali la msingi si mtu alisomea wapi, bali je, chuo kinatambulika? Nelson Mandela alipata shahada ya sheria ya UNISA mwaka 1989 akiwa kifungoni. Lakini nchini Tanzania, shahada ya nje isiyotambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inaweza kumkwamisha mhitimu akitafuta uzamili au ajira serikalini. Ni heri kuulizia kabla ya kulipa ada.