Simbilisi si ng'ombe mdogo

Ukiingia duka la dawa za mifugo hapa Sumbawanga, swali la kwanza utakaloulizwa ni ng'ombe wangapi. Ni swali la haki. Uwanda wa Ufipa unalimwa kwa maksai, na mkulima anayepoteza maksai wakati mvua zinaanza amepoteza msimu mzima. Nilizaliwa Laela, kwa baba aliyelima kwa jembe la kukokotwa. Nakumbuka ndigana kali ilivyotuangushia dume, na wanaume wazima walivyokaa kando yake bila neno. Sibishani na ukubwa wa ng'ombe. Ninachosema ni kwamba kaunta inayomjua mnyama mmoja tu inaua wengine, nami nimeliona hilo kwa macho yangu.

Mjukuu wangu ana miaka tisa. Alikuwa na simbilisi jike wa rangi ya kahawia, akampa jina Ulezi. Alipewa na jirani yetu, mama wa Kikinga aliyetoka Makete. Kule simbilisi hufugwa jikoni, wakikimbizana chini ya vitanda na kando ya mafiga, na mwisho wao huwa kitoweo. Mama yule alipoona mtoto amembeba mnyama kifuani, akasema mwenyewe, "Basi huyu si wa chungu." Tukaishi naye. Mchana mtoto akitoka shule, kabla hajavua sare, alikata nyasi kwenye kingo za shamba, na Ulezi akisikia hatua zake alipiga mluzi mwembamba uliofika mpaka kwa majirani.

Simbilisi si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, ambako watu wa huko walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita. Ana ndugu huko anayeitwa chinchila, mwenye manyoya mazito na laini, ambaye wawindaji walikaribia kummaliza kwa ajili ya makoti. Mwaka 1923 mhandisi wa migodi wa Marekani, Mathias Chapman, alisafirisha chinchila 11 kutoka Chile hadi California, na wengi wanaofugwa majumbani leo wanatokana na hao. Huko Ulaya na Marekani watu humfuga chinchila kama sisi tulivyomfuga Ulezi, na humpoteza kwa namna ileile: jioni mzima, asubuhi mahututi. Ndugu hao wawili wana tumbo la aina moja.

Tumbo hilo halipumziki. Mnyama wa namna hii hula karibu saa zote, kwa sababu meno yake hayaachi kukua na nyasi ndizo zinazoyasaga. Chakula chake huchachushwa na bakteria ndani ya mfuko mpana ulioko mwanzoni mwa utumbo mkubwa, na bakteria hao ndio uhai wake. Hawezi kutapika. Akiacha kula, utumbo husimama, gesi hujaa, na vijidudu vibaya hupata nafasi. Nusu siku bila kula ni dharura, na siku nzima inaweza kuwa mwisho. Ubaya zaidi, kwa kuwa porini kila mwenye makucha humwinda, silika imemfundisha kuficha maumivu. Ukimwona amejikunyata na manyoya yamesimama, ugonjwa ulianza zamani.

Ilikuwa Jumapili jioni ya mwezi wa Julai, ule wakati ambao upepo wa Ufipa unapita hata kwenye blanketi. Mtoto alikuja jikoni akasema, "Bibi, Ulezi hajapiga mluzi." Nilimkuta kwenye kona ya boksi, nyasi za asubuhi ziko vilevile, hakuna kinyesi kipya, tumbo limekaza kama ngoma. Alikuwa anasaga meno. Nilimpigia simu afisa mifugo. Alikuwa bondeni, upande wa Muze, kwenye kazi ya chanjo ya ng'ombe, na hangeweza kurudi upesi. Alinisikiliza kwa upole, akaniambia wazi kwamba hajawahi kutibu simbilisi na asingependa kubahatisha. Namshukuru mpaka leo kwa ukweli ule.

Asubuhi tulipanda bodaboda, boksi limefunikwa kwa kitenge, tukaenda duka la dawa. Muuzaji alichungulia ndani, akatabasamu. Hakuuliza mnyama alikula nini, wala ameacha kula tangu lini, wala uzito wake. "Tumpige Pen-Strep, mama. Hiyo inatibu kila kitu." Akavuta dawa kwa kukadiria, akamchoma pajani. Jioni ile Ulezi alitafuna jani la karoti, na mtoto akalala amefurahi. Siku iliyofuata alianza kuharisha maji, mwili ukapoa. Tulimwekea chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga, tukamnywesha maji kwa bomba lisilo na sindano. Alikufa mikononi mwa mjukuu wangu kabla ya kengele ya misa ya asubuhi.

Nimefundisha shule za msingi maisha yangu yote ya kazi, na mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani alisomea udaktari wa mifugo pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Nilimpigia baada ya kumzika Ulezi. "Shikamoo mwalimu." Marahaba. Nikamweleza. Nilipotaja jina la sindano alinyamaza, kisha akasema, "Pole sana mwalimu. Hiyo dawa simbilisi hapewi."

Akanifafanulia. Dawa ile ni mchanganyiko wa penisilini na streptomaisini. Kwa ng'ombe ni msaada mkubwa. Kwa simbilisi, penisilini huwaua bakteria wema wa lile tumbo la kuchachusha, na mahali pao huota bakteria wa jamii ya Klostridia wanaotoa sumu. Mnyama huharisha, hupoa, hufa. Streptomaisini nayo ni hatari kwake peke yake. Chinchila yuko katika hatari hiyohiyo, na sungura pia, hasa dawa za jamii ya penisilini zinapopitia kinywani. Watengenezaji wengi wanalijua hilo na huliandika kwenye karatasi ya dawa, kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, mahali ambapo mnunuzi wa Sumbawanga hafiki.

Si jambo jipya. Tarehe 25 Mei 1940, huko Oxford, Howard Florey na wenzake waliwaambukiza panya wanane bakteria wakali, wakawapa wanne kati yao penisilini. Kulipokucha wanne wasiopewa dawa walikuwa wamekufa, na wanne waliopewa walikuwa hai. Kutokana na jaribio lile mamilioni ya watu wameishi, nami mwenyewe nimo. Lakini mwaka 1943 watafiti wa Marekani waliwadunga simbilisi penisilini, na simbilisi wakafa. Tangu wakati huo wanasayansi wamekuwa wakisema kwamba kama Oxford wangeanza na simbilisi badala ya panya, huenda dawa hiyo ingetupwa kama sumu. Hayo yanajulikana kwa zaidi ya miaka 80. Yameshindwa tu kuvuka kaunta.

Mwanafunzi wangu alinipa pia maneno ambayo ningependa kila mwenye simbilisi au sungura ayashike. Mnyama asipokula kwa saa chache, anza hapohapo. Mpe joto, mweke mahali pa kimya, mpe nyasi mbichi na maji. Kama tumbo ni laini, unaweza kusaga nyasi au chakula chake kikawa uji, ukampa kidogo kidogo kupitia pembeni mwa mdomo, polepole, asije akapaliwa. Kama tumbo limevimba na kukaza, usimlazimishe kula. Anahitaji mtaalamu wa kumtuliza maumivu na kumpunguzia gesi. Simbilisi kila siku ya maisha yake apate mboga zenye vitamini C, kwa mfano pilipili hoho, kwa sababu yeye, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini hiyo. Na kama kuna maambukizi, zipo antibayotiki anazozivumilia zaidi, lakini huchaguliwa na daktari baada ya kumpima uzito.

Sasa niseme kuhusu mtoto. Siku tuliyomzika Ulezi chini ya mparachichi, watu wazima wawili walipita njiani wakauliza kuna nini. Walipojibiwa walicheka. Mmoja akasema, "Mtoto analia panya?" Mjukuu wangu aliacha kulia papo hapo, akaingia ndani, na hakula mpaka kesho. Nimekaa na watoto miaka mingi darasani na najua maana ya kilio kinachokatwa hivyo. Hakiishi. Kinahamia mahali ambapo mzazi hakioni. Hicho ndicho kilikuwa kifo cha kwanza alichokishika kwa mikono yake, na yeye ndiye aliyekuwa mlezi wa marehemu. Sisi ambao tukisikia msiba tunaacha jembe na kwenda kukaa na wafiwa hatukosi maneno. "Pole, mwanangu" yanatosha, na hayana gharama.

Na kama kuna mtu anayedhani mnyama wa jamii ya panya hastahili heshima ya wakubwa, akumbuke Magawa. Alikuwa panya buku aliyezaliwa hapahapa Tanzania na kufunzwa na shirika la APOPO lenye makao yake Morogoro. Alipelekwa Kamboja kunusa mabomu ya ardhini, akagundua mabomu hayo na vilipuzi vingine vilivyobaki vitani, jumla zaidi ya 100. Septemba 2020 shirika la Uingereza la PDSA lilimpa medali ya dhahabu, panya wa kwanza kupewa. Alipokufa Januari 2022 habari zake zilitangazwa dunia nzima, na waliomfunza hawakuona haya kusema kwamba wamehuzunika.

Ulezi hakutegua bomu. Lakini sheria yetu haisemi mnyama lazima awe shujaa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia na inamtaka anayemtunza amkinge na maumivu na magonjwa. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari na kuweka utaratibu wa nani anaruhusiwa kutoa huduma hizo. Karatasi tunazo. Tunachokosa ni mtu wa kaunta anayeuliza.

Najua mzigo wa serikali. Kampeni ya kitaifa ya chanjo iliyozinduliwa Bariadi, mkoani Simiyu, Juni 2025 iliwalenga ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku, na hao ndio wanaobeba uchumi wa wafugaji wengi. Siombi Rukwa ijengewe hospitali ya simbilisi. Naomba mambo ambayo yanahitaji nia zaidi kuliko fedha. Vyuo vinavyofundisha maafisa mifugo viwape wanafunzi somo kamili la sungura na simbilisi, kwa sababu katika Nyanda za Juu Kusini hao ni mifugo ya akina mama na watoto, wasio na zizi wala pesa ya kununua ndama. Baraza liagize kwamba antibayotiki yenye hatari kwa wanyama hawa iwe na onyo la Kiswahili juu ya chupa, kwa herufi zinazosomeka. Manispaa na halmashauri zikikagua maduka zisiishie kwenye leseni na tarehe za kuisha muda. Ziulize muuzaji dawa ile hapewi mnyama gani. Asiyejua arudishwe mafunzoni.

Jambo hili halimhusu mwenye simbilisi peke yake. Sindano inayotolewa kwa kukadiria, bila mtaalamu kuona mgonjwa, ndiyo hiyohiyo inayozalisha usugu wa dawa ambao Tanzania imekuwa ikipambana nao kwa mpango kazi wa kitaifa tangu 2017. Leo inamuua simbilisi. Kesho inamnyima dawa ng'ombe, halafu mtoto aliyelazwa.

Jirani ametuahidi simbilisi mwingine. Mjukuu wangu amesema bado, na mimi simharakishi.

Kwa wenzangu wa Mazwi, Katandala, Namanyere, Matai na Laela mnaouza dawa za mifugo: hamkosi huruma, nawafahamu wengi wenu na wengine nimewafundisha kusoma. Kabla hujavuta dawa kwenye bomba, uliza ni ya mnyama gani. Ukiona mnyama usiyemjua, funga chupa na umpigie daktari simu.