Bango la Mwenzako Usilichane

Ndugu wa Momela! Anayenyemelea usiku kuchana bango la chama kingine hatujengei chama, anatuaibisha. Maadili ya Uchaguzi yanakataza jambo hilo, nasi twayaunga mkono.

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru katika Engare Nanyuki, jirani zetu hapa, ikachoma nyumba zao ili ardhi wapewe masetla. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa kuwasemea. Wakoloni walitaka tunyamaze. Leo sisi tumnyamazishe nani?

Hoja hujibiwa kwa hoja, si kwa kucha. Kura zikiisha, kila chama kibandue mabango yake. Kabla ya hapo, la mpinzani lilindwe kama letu. Uhuru ni wa wote!